Siku Baba Alipochomwa Mkuki Ulimini

Baba yangu alichomwa mkuki ulimini, na siku hiyohiyo mimi nikapata mume.

Subiri, usicheke.

Baba ni kinyozi hapa kisiwani Penang. Anaongea, siyo mchezo. Ukikaa kwenye kiti chake unatoka na upara na habari za ukoo wake mzima.

Mama alipougua figo, Baba aliweka nadhiri: Mama akipona, atambebea mungu wetu Murugan chungu cha maziwa hadi hekaluni mlimani, peku.

Mama akapona.

Shida ilikuwa mchumba wangu, Sugumaran. Mpole kupitiliza. Kila akija kuniposa, Baba anammeza kwa stori. Kijana anaondoka hajasema kitu.

"Selvarani, huyu bwana ana ulimi kweli?" Baba ananiuliza. "Afadhali nizungumze na kabati!"

Nililia wiki nzima.

Thaipusam, sikukuu ya Murugan, ikafika. Baba kafumba macho, kuhani akapitisha kijimkuki cha fedha katikati ya ulimi wake. Damu? Hata tone.

Ukichomwa hivyo, maneno yako umemkabidhi Mungu. Hutamki kitu hadi juu.

Mama akaninong'oneza, "Miaka yote mimi nimeshindwa. Murugan kaweza!"

Nikamsukuma Sugumaran. "Nenda! Leo hajibu!"

Akajitosa kwenye msafara, ngoma zinalia, watu wanapasua nazi barabarani.

"Mzee, samahani. Nampenda Selvarani. Natengeneza viyoyozi, pombe sinywi. Na lile neno la kabati nilisikia. Liliniuma."

Baba akamkata jicho. "Mmmh!"

"Kama unakataa, mzee, sema sasa hivi."

Weee! Mama akajifunika sari usoni, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Sugumaran akaongea ngazi zote za kupanda hekaluni. Habari za marehemu baba yake, anavyomwogopa Baba. Hata mimi mengine nilikuwa siyajui.

Juu, maziwa yakamiminwa kwenye sanamu ya Murugan, mkuki ukachomolewa, ulimi ukapakwa majivu matakatifu.

"Umemaliza?" Baba akauliza.

"Nimemaliza, mzee."

"Nadhiri yangu ilikuwa maziwa tu. Mkuki nimeongeza mwenyewe. Binti yangu analia kwamba sikupi nafasi, na mimi najijua. Nikamwomba Murugan anishikie ulimi nikusikilize."

Akamshika bega.

"Mwoe. Ila harusi iwe karibu, sina subira."

Jamani, baba mkwe akiongea bila kituo, usidhani anakukataa. Wengine kunyamaza kunawatoa jasho kuliko kupanda mlima.