Ziwa la Nyuma ya Kanisa

Jirani yangu hapa Kensington, Joburg, ni bibi wa Kipolandi mwenye miaka tisini. Siku alipoleta sketi nimpunguzie, alinijulia hali kwa Kiswahili cha watoto wa Arusha, nikajichoma sindano. Kumbe wakati wa Vita Kuu ya Pili walikimbilia Tengeru, yeye na mama yake, jirani kabisa na kwetu. Mimi huko ndiko nilikoolewa na mkimbizi wa Afrika Kusini, akanileta Joburg. Tulishikana mikono tukacheka kama wehu.

Mwaka jana alitaka nimtarizie kijiji chake kwenye kitambaa cha meza, kama tunavyotarizi vitambaa vya makochi. Mjukuu wake alikuwa anakwenda Polandi kukitafuta, na bibi peke yake ndiye aliyebaki anayekikumbuka. Alitolewa huko akiwa na miaka mitano. Aliogopa kwamba kumbukumbu zinamtoka, na aliniambia hivyo waziwazi.

Basi nikatarizi: mto mwembamba, kinu, kanisa la mbao, nyumba ya mama yake mwisho wa barabara, na kisima mbele yake. Mlima hakuna hata mmoja. Mimi mtoto wa Meru kila nikinyanyua uzi kuweka kamlima, ananichapa kidole. Babu yake, alinisimulia, alikuwa raia wa nchi tatu bila kuhama nyumba. Mpaka ndio uliohama. Mwishowe akataka ziwa la duara nyuma ya kanisa. Nikaliweka, la buluu iliyokolea, nikajisifu mwenyewe.

Mjukuu alisafiri na picha ya kitambaa, akatupigia simu ya video kutoka huko. Kinu kipo, kanisa lipo, lakini ziwa hakuna, na wenyeji wanamwambia amekosea kijiji.

Bibi alinywea. "Njia ya mwongo fupi," alisema. "Labda hata nyumba ya mama nimeizua."

Roho iliniuma. Nikamwomba anieleze hilo ziwa lilivyokuwa. Akasema lina msitu pande zote, na tumbili waliwaibia mkate.

"Tumbili, bibi? Polandi?"

Tulitazamana. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Lilikuwa Duluti, ziwa letu la Tengeru, na mimi niliyelitarizi kwa mikono yangu sikulitambua. Tukampigia kelele mjukuu kwenye simu kwamba kijiji ni hichohicho, atembee mpaka mwisho wa barabara. Alitembea, sisi tukihema naye. Akatuonyesha msingi wa mawe kwenye nyasi, na kisima ambacho bibi alikuwa amekitaja tangu mwanzo. Bibi akapiga vigelegele, vya Kimeru kabisa.

Baadaye nilichukua mkasi nifumue ziwa. Akaufunika kwa kiganja chake.

"Liache, mwanangu. Mama tulimzika huko."

Nikatunga uzi mweusi, nikamwuliza kaburi liko upande gani wa maji.