Mtu wa Nyuma Kabisa

Jina lake la kwenye kitambulisho lilishasahaulika. Kazini, nyumbani kwa dada yake na kule mlimani, wote walimwita Mkia, naye aliitika bila kinyongo. Mtu mwingine angelikasirikia jina la namna hiyo mpaka akavunja udugu na watu. Yeye alilipenda, tena alikuwa na haki nalo, maana alilitolea jasho.

Siku za kazi Mkia alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Chumba chenyewe hakina dirisha la maana, mvuke umebandua rangi ya dari, na mashuka hayaishi. Ukimaliza lundo hili, toroli linaingia na jingine. Anayeshinda humo akitoka huwa anataka maji na kitanda, basi. Mkia alitaka mlima. Kila Jumapili asubuhi alikuwa na kikundi cha watu wazima, na ndevu zao na wajukuu zao, wakienda kukimbia porini bila kufukuzwa na mtu. Mimi sitaki kuwasema. Dada yake aliwasema, na dada yule hakuwa na tabia ya kumung'unya maneno: alisema hata mbwa hakimbii bure, hukimbia akiona mfupa.

Dada huyo ndiye ndugu pekee aliyembakia. Wazazi walikufa wao wakiwa wadogo, wakalelewa kwa kupokezana, mara kwa shangazi huyu, mara kwa yule. Mkia ndiye mkubwa. Alimbeba mdogo wake mgongoni, akamsuka nywele zikaenda upande, akampeleka shule akamngoja getini. Hakuoa. Akiulizwa alijibu kwamba bado anatafuta, na alitafuta hivyo hivyo mpaka kipara kikamfikia kisogoni. Alikuwa na chumba chake cha kupanga, ila nyumba ya dada ndiyo aliyoiona nyumba yake, na wapwa zake, waliomtembelea kila Jumapili jioni, ndio walikuwa watoto wake.

Aliyemwingiza mlimani ni shemeji yake, mume wa huyo dada. Alikuwa fundi wa kuchomelea, watu wakimwita Fundi Mageti, mcheshi, mwenye miguu isiyochoka. Kelele za mashine ya kukatia vyuma zilikuwa zimemla masikio, la kushoto likabaki pambo tu. Ukitaka akusikie ilibidi usimame mbele yake, umshike bega, useme taratibu. Nyumbani kwake hata watoto walilijua hilo kabla ya kujua kutembea. Kwenye kundi la watu alicheka pale tu alipoona wengine wanacheka.

Mashemeji hawa waliupanda mlima ule katika kila hali ya hewa. Kiangazi vumbi liliwapaka mpaka kwenye kope, wakishuka hutambui nani ni nani. Masika moja matope yalimvua Mkia kiatu na kukimeza kabisa. Fundi Mageti aliketi kwenye matope yale yale, akacheka mpaka machozi, kisha akavua chake kimoja akakitia mkobani, ati wote wawili waumie nusu nusu. Walishuka hivyo, kila mtu na mguu mmoja mtupu, na dada alipowaona mlangoni aliwafungia nje mpaka walipooga bombani. Majira ya baridi walipanda ndani ya ukungu, wakafika kileleni wasione kitu, wakaketi kuutazama weupe ule kama watu waliolipia kiingilio. Mkia alikuwa akiwasimulia wenzake kazini mambo haya huku anakunja mashuka, nao wakamwona hana akili timamu.

Kikundi kilikuwa na utaratibu wake, na Katibu, mwalimu wa sekondari, aliusimamia bila mchezo. Anayetangulia hufunga kitambaa chekundu kwenye kila njia panda, upande unaofaa kufuatwa. Vitambaa hivyo Mkia alivichana mwenyewe kutoka kwenye mablanketi ya hospitali yaliyochakaa. Mtu wa mwisho, ndiye mkia wa kundi, huvifungua wakati wa kushuka, ili wakata kuni na wapita njia wengine wasipotezwe na alama zisizo zao. Lakini kabla hajafungua, lazima ageuke aite, angoje mpaka pumzi yake itulie, aite tena, angoje tena. Asipojibiwa, ndipo afungue. Nyuma ya Mkia hapatakiwi kuwa na mtu. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka, wala hakuna aliyewahi kupotea mikononi mwake.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwanzo wa mvua. Fundi Mageti, aliyezoea kuwa mbele, aliamka tumbo likimsokota, akaficha, maana mkewe angemzuia asiende. Wakati wa kushuka tumbo likamzidi. Akajipenyeza kichakani mbali na njia, kwa aibu ya mtu mzima, asimwambie yeyote. Mkia akapita. Alipofika njia panda ya chini ya majabali, mbingu ilikuwa imeshakuwa nyeusi na ukungu unateremka, na huko mbele alisikia wenzake wakicheka. Moyoni alijua shemeji yake yuko huko huko mbele. Lini alikuwa nyuma? Akageuka, akaita mara moja. Kimya. Mara nyingi sana alikuwa amengoja mahali pale, na mara zote hapakuwa na mtu. Safari hii hakungoja. Alifungua kitambaa, akakitia mfukoni, akateremka.

Kule chini, kwenye gari, Katibu alitupa macho huku na huku, akauliza Fundi yuko wapi. Mkia alitia mkono mfukoni akakuta vitambaa vyote viko pale, vimelowa. Kwa hilo tumpe haki yake: hakuficha. Aliwaambia wenzake pale pale kwamba ameita mara moja tu, hakungoja. Kisha akarudi mlimani mbio, mvua ikimpiga usoni, akivifunga upya vitambaa njia nzima na kuita mpaka sauti ikamkauka. Wengine wakamfuata na tochi. Walipita mara kadhaa juu ya korongo lililo kushoto ya njia panda, wakaliitia, wakasikiliza, wakaendelea mbele.

Ndimo alimokuwa. Walimwona kulipopambazuka. Njia panda isiyo na kitambaa ilikuwa imemwelekeza kushoto, akateleza, akavunjika mguu, na baridi ikamalizia. Daktari alisema hakufa mara moja. Kwa hiyo huenda alikuwa hai wakati wanamwita kutoka juu, na kwa masikio yale, na mvua ile, asiwasikie. Hilo Mkia alilifikiri kila alipoegemea pasi, na ninavyoona mimi, ataendelea kulifikiri mpaka kufa kwake.

Wanakikundi walikaa wakaamua kwa huruma. Katibu alisema mjane aambiwe kwamba mumewe aliteleza, kwani si uongo, na mengine hayatamfufua mtu. Mkia hakukubali wala hakukataa. Siku ya mazishi dada yake alimshika mbele ya watu wote, akawaambia wamwone kaka yake, huyu ndiye aliyerudi na mvua mpaka sauti ikamkatika, huyu hakumwacha mume wangu. Watu wakamshika mkono wakimpa pole na shukrani pamoja. Angalipenda ardhi ipasuke. Akisema, anampoteza dada, na hana ndugu mwingine duniani. Akinyamaza, ndiyo hivyo anakula shukrani za kuiba. Akanyamaza. Masika yakapita akaacha kukimbia, baridi ikapita akaacha hata kula vizuri, na dada, katika msiba wake mwenyewe, akawa ndiye anayemsihi amalize sahani.

Kiangazi kilipoingia dada aliomba apelekwe apaone mahali alipofia mumewe. Mkia alitoa visingizio vyote alivyokuwa navyo, vikaisha. Walipanda asubuhi ya jua kali, dada mbele na yeye nyuma, kama alivyozoea. Dada hakuwa mtu wa milima. Alisimama kila baada ya hatua chache, akishika kiuno, akiulizia hili na lile: hapa ndipo mlipopoteza kiatu? Mkia alimjibu, na mara mbili walicheka, wakashtuka kujisikia.

Chini ya majabali wakafika njia panda. Hakuna ukungu wala wingu. Mapaa ya mji yalionekana yote, hata bati jipya la karakana ya Fundi. Dada alisimama katikati ya njia mbili, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Kaka, mbona nyumba zinaonekana kutoka hapa?"

Mkia akamwambia siku ile mtu hakuuona hata mkono wake mwenyewe.

"Sasa kukiwa hivyo huwa mnajuaje pa kupita?"

Alimweleza habari ya vitambaa. Dada alivikumbuka, alikuwa amemsaidia kuvichana mara moja, sebuleni, akilalamika kwamba vinaacha nyuzi kwenye zulia. Akaangalia miti ya njia panda, mmoja mmoja.

"Na hapa kilikuwapo?"

"Kilikuwapo."

"Basi alikosaje kukiona?"

Mkia aliona kwamba hapa maneno ya Katibu hayamfai kitu. Akasema, "Nilikuwa nimeshakifungua."

Dada hakupiga kelele. Ilikuwa afadhali angepiga. Aliketi kwenye jiwe, akafunga vizuri kanga kiunoni, akafungua, akafunga tena. Akamuuliza kama aliita. Mkia akasema aliita mara moja. Akamuuliza alingoja kiasi gani. Mkia akasema hakungoja.

"Unajua masikio yake yalivyo," dada alisema. "Mtu wa barabarani ningemsamehe. Wewe unamjua."

Mkia alianza kusema alidhani yuko mbele, akaishia njiani, maana hata yeye aliyasikia maneno yale yalivyo. Akasema tu, "Nisamehe, mdogo wangu." Alilia. Alikuwa hajalia tangu mazishi, na sasa alilia kwa sauti, mzee mzima, kamasi zikimtoka, bila kujali. Dada alimtazama mpaka akamaliza. Yeye jicho lake lilikuwa kavu. Kisha akainuka, akajipangusa vumbi, wala hakuomba tena kuliona korongo.

Mkia alijivuta pembeni ampishe atangulie.

"Hapana," dada alisema. "Pita wewe mbele. Sitaki uwe nyuma yangu."

Akapita mbele. Alishuka mlima ule akiwa wa kwanza, hatua fupi fupi, akizisikiliza kandambili za dada yake zikipiga mawe nyuma. Zilipochelewa alisimama, na alipotaka kugeuka, dada alimwambia aendelee. Wakafika barabarani. Pale Mkia akauliza kama amsindikize nyumbani. Dada alikuwa akitoa kijiwe kwenye kandambili, akajibu bila kuinua uso.

"Watoto watakuja kwako Jumapili, kama kawaida. Wewe ni mjomba wao, siwezi kuwanyima. Ila mimi usinitafute."

Akavuka barabara. Mkia alingoja mpaka alipokata kona, kisha akaenda kazini, maana zamu yake ilikuwa ya mchana na mashuka ya wodi yalikuwa yameshafika.