Sindano za Tumboni

Mimba yangu ya tatu ilipotoka, mama mkwe alikuja kwetu Mapinga kutoka Kiwangwa na kapu la mananasi. Alinipa pole, kisha akamwambia mwanawe, nami nikisikia, kwamba amempatia binti wa watu wa kuoa huko kwao. Mimi, alisema, nimefungwa kizazi. Mume wangu akainama. Nikasema mwenyewe.

"Mama, nakuheshimu. Lakini sijafungwa. Naumwa, na nitajua naumwa nini."

Hospitali ya kwanza tuliyokwenda ilikuwa imetushauri tupandikize mimba. Nikaenda Dar kwa daktari mwingine, mama mtu mzima asiye na haraka. Alinipima damu, akanirudisha baada ya miezi mitatu kuipima tena, ndipo akanieleza. Kingamwili zinazopaswa kupigana na maradhi, kwangu zinaushambulia mwili wenyewe. Damu inaganda kwenye kondo la nyuma, mtoto anakosa chakula. Hata ya kupandikiza ingeweza kutoka vilevile.

"Kushika mimba unashika," aliniambia. "Tutibu damu ili ikae. Ila siwezi kukuahidi."

Nilipopata mimba tena nikaanza aspirini ndogo na sindano ya kila siku, ya kuzuia damu isigande. Nilijichoma mwenyewe tumboni, nikajaa madoa ya zambarau. Mama mkwe alipokuja, mume wangu aliniomba nijichomee chumbani. Nilikataa. Nilikaa sebuleni mbele ya mama mkwe, nikapandisha gauni.

Akauliza najidunga nini.

"Dawa ya damu yangu, mama. Kaa uone."

Alitazama mpaka nilipochomoa sindano. Mume wangu naye alikuwa akitazama, na safari hii alinyanyua kichwa. Akamwambia mama yake kwamba mke wa pili hamtaki, na habari hiyo isirudi tena nyumbani kwake. Mama mkwe aliaga kabla ya chakula.

Binti yetu alizaliwa kwa upasuaji kabla ya wakati, mdogo mno, akalazwa kwenye mashine ya joto wiki kadhaa. Sasa anakimbia, na kila mgeni anamvuta mtandio.

Bibi yake anampenda, hilo simnyimi. Huwaambia majirani kwamba mkwewe alifunguliwa kwa dua. Dua nilisoma, tena nyingi. Lakini akilisema nikiwepo, namsahihisha papo hapo, mbele ya watu wote. Namwambia nilikuwa mgonjwa wa damu, nikatibiwa. Kati ya wanawake wanaotusikiliza, yupo anayeambiwa amefungwa.