Zamu za Doa na Majivu

Matroni alistaafu baada ya kulinda bweni la wasichana kwa miaka ishirini na sita. Wasichana walimwita Bi Funguo, maana mlio wa funguo kiunoni ulimtangulia kila alikokwenda. Alihamia nyumba ya vyumba viwili vyenye korido nyembamba katikati, yeye na paka wake Majivu, dume lenye shingo nene kama ya mbeba mizigo.

Mdogo wake, karani wa posta, alipopewa uhamisho alimletea paka wake, Doa, ndani ya kikapu cha nguo.

"Dada, nishikie huyu. Hana makuu. Anakula na kulala, kama mimi."

Majuma ya kwanza hayakuwa na neno. Kila asubuhi paka wale walibingirishana mkekani, Majivu juu, kisha Doa juu; huyu akifukuza, mara amegeuziwa kibao. Kucha zilibaki ndani. Wakichoka, kila mmoja alijilamba upande wake, halafu wakarudiana. Jirani, mshona mapazia, alipouliza kama wanapigana, Matroni alicheka.

"Aa, wanacheza tu hao."

Kicheko kikakatika. Alijua amewahi kuyasema maneno hayo, ila hakutaka kukumbuka wapi.

Mwezi wa pili zamu zikapotea. Mwenye kufukuza akawa Majivu siku zote. Doa akahamia juu ya kabati, akishuka kula tu, masikio yamelala kichwani. Kelele hazikuwepo, na Matroni akajiambia wameshazoeana. Majivu alishinda koridoni, mbele ya beseni la mchanga wanamojisaidia, akitazama. Basi.

Alasiri moja Matroni akakuta godoro lake limelowa mkojo. Akamkwida Doa shingoni, akamwinua uso kwa uso, na sauti yake ya zamani ikamtoka: "Mkubwa mzima, huoni haya?"

Akamwachia. Akaketi pale pale palipolowa.

Miaka ile bwenini palikuwa na msichana wa mwaka wa kwanza, kitanda cha mwisho. Godoro lake lililowa mara kwa mara, na Matroni alimtwisha kichwani alipeleke uani juani, wenzake wakitazama. Siku moja msichana yule alimfuata stoo ya shuka.

"Matroni, wale dada wakubwa wanasimama koridoni. Siwezi kupita kwenda chooni."

"Wamekupiga?"

"Hapana."

"Wamekutukana?"

"Hapana. Wanasimama tu, wananitazama."

"Basi wanacheza na wewe. Zoea."

Msichana hakumaliza muhula. Baba yake alikuja, akalikunja godoro mwenyewe, akalifunga kamba polepole, asimuulize mtu kitu. Matroni ndiye aliyewafungulia geti.

Kesho yake baada ya Doa kulowesha godoro, Matroni alimwita daktari wa mifugo, mama mmoja mwenye mabuti ya mpira. Alikaa kwenye kigoda nusu saa nzima akiwatazama paka kabla ya kufungua kinywa.

"Kelele zisikudanganye, mama. Wapo wanaocheza kwa makelele, na wapo wanaoumizana kimya kimya. Tazama zamu. Kwenye mchezo, aliyeshindwa hurudi mwenyewe. Huyu wako harudi, anajificha. Na yule pale hajapumzika. Amefunga njia."

"Lakini hajamgusa, daktari."

"Ana haja gani ya kumgusa?"

Matroni akawatenga. Mabeseni yakawa mawili, mbalimbali. Walilishwa upande huu na huu wa mlango uliofungwa, wakabadilishiwa matandiko wazoee harufu, kisha mlango ukafunguliwa kidogo kidogo kwa wiki sita. Yeye mwenyewe koridoni alipita upesi, bega ukutani, kama anayepisha watu.

Akampigia simu mpishi wa zamani wa shule.

"Yule mtoto wa kitanda cha mwisho, aliitwa nani?"

"Yupi, Bi Funguo? Walikuwa wengi."

Alikumbuka namba ya godoro, arobaini na saba, kwa wino mweusi. Jina, hapana. Akafunga safari hadi shuleni. Madaftari ya miaka ile yameliwa na mchwa. Wakamruhusu kuliona bweni. Ilikuwa adhuhuri, wasichana wako darasani, korido tupu. Akashindwa kupita. Alisimama mwanzoni mwake mpaka kengele ikalia.

Doa alishuka kabatini hatimaye, na siku nyingine aliweza hata kumrukia Majivu mgongoni. Mdogo wake alipokuja likizo, alifurahi.

"Naona wamepatana. Nikuachie?"

"Mchukue. Kwako hakuna wa kumwogopa."

"Utamkumbuka, dada."

"Nitamkumbuka. Mchukue tu."

Jina lile halijamjia hadi leo. Akifua shuka hujaribu majina, moja baada ya jingine, kwa sauti ndogo, kisha hunyamaza na kusikiliza kama lipo litakaloitika.