Samaki Mpana Niliyemwacha Aende

Iko siku moja ambayo haijawahi kunitoka akilini, mwanangu, siku niliyomwacha samaki mpana kama mlango aende zake.

Wakati huo nilikuwa nikisoma Norwe, nchi ambayo ukiizoea, hata asubuhi ya baridi ya Kaptagat utaiona ya joto. Watu wa mtaa wetu wa Huruma, hapa Eldoret, walikuwa wamefanya harambee kuninunulia tiketi ya ndege. Nilirudi na stashahada ya mitambo ya barafu, wa kwanza mtaani mwetu kuipata, na hilo nalisema wazi kwa sababu niliitolea jasho. Lakini huko nilijifunza jambo lingine pia: kupiga mbizi bila mtungi wa hewa, pumzi tu kifuani na mkuki mkononi, nikiwinda samaki bapa wanaojifunika mchanga chini ya bahari. Mimi, niliyejifunzia kuogelea mto Sosiani!

Baba mdogo, mwenye duka Huruma, alijivunia hayo kuliko mimi mwenyewe. Aliwaambia wateja kwamba nitarudi na picha nimemshika samaki mkubwa kama mlango, naye ataitundika chini ya picha ya Rais. Nikamwahidi.

Mwenzangu wa kupiga mbizi aliitwa Leif. Sheria yetu ilikuwa moja. Mmoja akizama, mwingine anabaki juu akimtazama, mpaka mwenzake atoke, avute hewa na aseme kwa mdomo wake kwamba yuko sawa. Maana mpiga mbizi huzimia akiwa karibu kabisa kufika juu, bila hata kutapatapa, akazama kimya.

Wiki yangu ya mwisho kule, zamu ya kuzama ilikuwa ya Leif. Nikiwa namtazama, niliona kwa pembe ya jicho mchanga ukitikisika. Samaki akajitokeza, macho yote mawili upande wa juu, akatulia chini yangu. Mkubwa kama huyo sikuwa nimewahi kumwona. Nilikuwa na mkuki. Nilikuwa na pumzi, na kifua changu kilikuwa cha kuaminika, nisikudanganye. Shingo ilitaka kugeuka, mwanangu. Sikuigeuza.

Leif akaanza kupanda. Alipokaribia kunigusa, mikono yake ikalegea, akaanza kurudi chini. Nikauachilia mkuki, nikazama, nikamshika kwapani na kumpandisha juu. Nilimvua miwani nikampigia kelele usoni, "Vuta hewa! Leif, vuta!" Akakohoa. Baada ya muda akasema, "Niko sawa." Samaki alikuwa ameshapotea.

Niliporudi Eldoret, baba mdogo aliniuliza picha iko wapi, mbele ya wateja. Nikawaeleza yote. Abdi, dereva wa lori aliyekuja kununua sigara, akapiga makofi.

"Yaani harambee yote ile, hukuleta hata mkia! Mzee, hiyo hadithi utaitundika na msumari gani?"

Duka zima likacheka. Baba mdogo hakucheka.

"Huyo kijana mzungu," akaniuliza, "mama yake yuko hai?"

"Yuko. Alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege. Alinishika mkono, hakuuachilia mpaka nilipoitwa."

Baba mdogo akamgeukia Abdi. "Umesikia? Basi ukuta ukae wazi hivyo hivyo. Na wewe chukua sigara zako, unanizibia mlango."

Mwanangu, tangu siku hiyo nimejenga nyumba, na mitambo mingi ya barafu mjini humu imepita mikononi mwangu. Lakini ukiniuliza ninachojivunia zaidi, ni kwamba sikugeuza shingo. Nawe siku moja utaachiwa mtu umlinde, na siku hiyo hiyo kitu kizuri ulichokitafuta miaka mingi kitapita karibu nawe. Kiache kipite. Mwangalie mtu wako mpaka akuambie mwenyewe kwamba yuko sawa.

Mungu akupe pumzi ndefu, na kila utakapozama, akuwekee juu mtu asiyeondoa macho yake kwako.