Kipimo cha EEG Tanga: binti aliyeitwa kiburi, na swali la baba yake

Wakuu heshima kwenu, pamoja na nyie mnaosoma kimyakimya kama mko msibani.

Kisa hiki nimekiona kwa macho yangu mwenyewe. Majina nimebadilisha, na mambo mawili matatu nimeyapindisha ili wahusika wasitambulike. Mengine ni kama yalivyokuwa.

Mimi ni daktari wa watoto, mzaliwa wa Makorora. Kwa sasa nasomea ubingwa bobezi, wenyewe wanaita fellowship, upande wa kifafa cha watoto na usomaji wa EEG.

EEG ni kipimo cha umeme wa ubongo. Unambandika mtoto nyaya ndogondogo kichwani kwa gundi, mashine inachora mistari, wewe unakaa kuisoma mpaka macho yanauma.

Nyumbani walishachoka kuniuliza namaliza shule lini. Mama yangu anawaambia majirani nasomea umeme. Juzi mmoja kaniletea pasi mbovu.

Sehemu ya mafunzo ni kwenda mkoani kufanya kazi bila mwalimu pembeni. Nikachagua Tanga, nikale chakula cha nyumbani.

Siku ya kwanza kaletwa Zuhura, binti wa miaka minane kutoka Nguvumali, yuko na mama na baba. Baba ni seremala, maneno yake machache. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa mikono kifuani.

Mama ndiye aliyeeleza. Mtoto anakatika. Yuko katikati ya kusoma, ghafla ananyamaza, anakodoa macho, kisha anaendelea. Ukimuuliza ulikuwa wapi, hajui. Kwa siku ni mara nyingi. Chuoni ustadhi kamchoka, shuleni kashuka hadi mkiani.

"Kiburi," baba akasema. "Wamwita, akutazama tu. Ukimkamata, ajitia hajui."

Alishaamua. Mwisho wa mwezi Zuhura anaacha shule, anapelekwa Pemba kwa shangazi yake akafunzwe kazi na adabu. Mama kaomba kipimo kwanza. Wakakubaliana hivi: mashine ikionyesha kitu, mtoto anabaki shule. Isipoonyesha, anapanda boti.

Sasa hapo kuna shida. EEG inaweza kutoka safi na mtoto akawa na kifafa vilevile. Nilimweleza baba. Akaniangalia kama fundi anayetafuta visingizio kabla hajashika randa.

Kivumbi kikaanzia kwenye nywele. Kipimo kinataka kichwa kisafi, hakuna mafuta, nywele zimefumuliwa. Ujumbe hospitali iliutuma mapema. Lakini watu wa pwani mnajuana, mtoto wa kike hatolewi mbele za watu kichwa kimepauka. Zuhura kasukwa vizuri kabisa, mafuta ya nazi yanamshuka hadi shingoni. Kila waya nikibandika, unateleza.

"Niliambiwa, daktari," mama akasema. "Nikaona mwanitania. Mwanangu aje hospitali kichwa kikavu kama yatima, mie uso niuweke wapi?"

Basi tukafumua, mimi upande huu, yeye upande ule, tukaosha kwa sabuni, tukakausha. Miaka yote niliyosoma, kufumua misuko hakukuwemo kwenye mtihani.

Kipimo kikaanza. Mistari safi. Nikasubiri, safi tu. Nikaanza kuiona ile boti ya Pemba.

Kuna hatua ambayo mtoto anatakiwa apumue kwa nguvu na kwa kasi kwa dakika kadhaa, maana kifafa cha aina hii hupenda kujitokeza hapo. Tumefundishwa kuwapa kitiara cha karatasi, kile kinachozunguka kama feni, wakipulize. Zuhura akapuliza kidogo kwa aibu, akaacha. Nikambembeleza. Nikaimba. Nikapuliza mwenyewe mpaka nikapata kizunguzungu.

Baba akachoka kutuangalia.

"Zuhura. Puliza kama wapuliza moto wa mkaa. Babako ataka chai."

Wakuu, mtoto alipuliza. Mashavu yamevimba, anapuliza kama jiko liko mbele yake kweli. Inaonekana nyumba ile chai ya baba haicheleweshwi.

Mara akaacha. Macho wazi, hayaangalii popote, kope zinacheza. Kwenye skrini mistari yote ikaruka kwa pamoja, mikubwa, imepangana kama meno ya msumeno. Sikuhitaji kumpigia mwalimu.

"Mwite," nikamwambia baba.

"Zuhura."

Kimya.

"Zuhura, mwanangu."

Akasogea karibu kabisa na uso wake, akamwita tena. Kisha mistari ikatulia ghafla, Zuhura akapepesa macho, akaendelea kupuliza mkaa wake.

Nilifurahi, sitaficha. Nikawaeleza kwamba ni kifafa, aina ya kuzubaa, kina dawa, na wengi wenye hali hii hutulia na kusoma kama wenzao. Mama analia huku anacheka. Safari ya Pemba imekufa. Nikamgeukia baba nikitegemea naye atacheka.

Alikuwa bado anaitazama skrini.

"Kwa hivyo zile siku nikimwita, alikuwa hasikii?"

"Alikuwa hasikii, mzee."

"Na fimbo?"

Nilitamani kumdanganya. Lakini fimbo huja mtoto akisharudi, ameshaamka, hajui amekosa nini.

"Fimbo alizisikia," nikamwambia.

Alichukua pamba mkononi mwangu, akaanza kumfuta mtoto gundi kichwani, polepole, mpaka ikaisha yote.

Nilichojifunza: sisi tunajua kifafa cha kuanguka na povu. Hiki cha kimya kinakaa darasani na kuitwa uzembe. Walimu, maustadhi, wazazi, mtoto akikatika hivi mleteni apimwe. Wa "ni jini hilo" nanyi karibuni, tutaongea kwa heshima.

Zuhura anasoma, hakatiki tena. Baba ndiye anayemleta kliniki. Kila wakija anasubiri mtoto atangulie nje, halafu ananiuliza, "Daktari, atasahau?"

Hilo hatukufundishwa. Nyie mliochapwa utotoni kwa kosa msilolijua, niandikieni hapa chini nimjibu nini.