Zamu ya Kevo

Siku ya kwanza kazini nilifika mtaa wa Jericho, Nairobi, na leso mbili na mdomo mmoja, na huo mdomo ulinitangulia. Watu walikuwa wanasema nikianza kuongea asubuhi, githeri inaiva bila moto. Mwenye dei kea, nyumba ya kuachia watoto mchana, mama mzee tuliyemwita Matroni, alinisikia nikisalimia majirani kutoka geti mpaka mlangoni, akasema, "Wewe nimekuandika. Hiyo mdomo ndio cheti."

Shule mimi niliiona kwa dirisha tu, kwa hivyo hiyo cheti niliifurahia sana.

Nyinyi wasichana mnaanza hii kazi, sikizeni venye Matroni alitufunza. Kulikuwa na kitu aliita kujibu. Mtoto wa miezi mitatu akisema "agu," na wewe unasema "agu," alafu unanyamaza. Unamwangalia macho. Unangoja zamu yake. "Kungoja ndio kazi ngumu," alikuwa ananiambia, "hasa kwako." Ukimvalisha soksi, unamwambia hii ni soksi, huu ni mguu, mguu umeingia nyumba. Ukichambua sukuma unamweka karibu, unampa jani ashike. Toy hatukuwa nazo. Sufuria na mwiko vilitosha. Kuna kasichana kalipiga sufuria mpaka mabati ya plot ya pili yakacheza. Watoto wa Matroni waliongea mapema, wengine walikuwa wanabishana na pasta kabla meno yatoke.

Matroni akazeeka, akarudi kwao Kakamega, dei kea ikafungwa. Nikapata kazi dei kea ingine mtaa wa Huruma, gorofa ya nne, kwa mama tuliyemwita Madam. Chumba kimoja, watoto mia. Sawa, walikuwa kumi na saba, lakini wakilia wanakuwa mia.

"Hapa mtoto mzuri ni mtoto kimya," Madam aliniambia. "Na usinizoeshee mtu mikono."

Kuzoea mikono ni hivi: mtoto akibebwa sana anakataa kulazwa chini, na mtu mmoja hawezi kubeba kumi na saba. Kwa hivyo tuliwapanga kitandani, wanaangalia katuni kwa TV asubuhi mpaka jioni. Mdomo wangu nikaupeleka kwa koridoo, nikawa napigia majirani stori.

Kevo aliletwa akiwa na miezi minne. Mamake alikuwa anafulia watu nguo, anamwacha jua halijatoka. Huyo mtoto alinichagua. TV akaipa mgongo, akawa ananitafuta na macho. "Agu!" Na mimi, ugonjwa wa zamani, nikajibu, "Agu, mzee wa kazi!" Akacheka na mwili yote, mpaka vidole vya miguu.

Madam akatoka jikoni. "Kukhu, unafanya nini?" Wote waliniita hivyo, Kukhu, ni nyanya kwa lugha yetu.

"Namjibu, Madam."

"Na hao wengine kumi na sita watajibiwa na nani? Mimi? Mgeuze aangalie TV."

Alikuwa na haki, hapo ndio shida. Nikamgeuza. Akaita. Sikujibu. Akaita kesho yake, akaita wiki nzima, kama mtu anabisha mlango na anasikia watu wako ndani. Alafu siku moja hakuita. Nilichambua mchele yote bila kusikia kitu, na niseme ukweli, nilifurahi. Mchana Madam akaniongeza nyama kwa sahani. "Sasa umejua kazi."

Mamake pia alifurahi. "Kukhu, siku hizi Kevo ametulia! Kwani unampa nini?"

"Adabu," nikamwambia, tukacheka sana.

Kevo alitembea vizuri. Kuongea, hapana. Alipita miaka miwili, akakaribia mitatu, hata "mama" hakuna. Kliniki wakampima masikio, yako sawa. Daktari akasema inaweza kuwa vitu mingi, hawezi jua ni gani. Alafu akauliza, mchana nani huongea na yeye?

Mama Kevo alikuja kwangu moja kwa moja, hata mkoba hajaweka chini. "Kukhu, nilimwambia ni wewe. Nikamwambia mtoto wangu amelelewa na mama anaongea kushinda redio. Si ulikuwa unamwongelesha?"

Nikatafuta uongo. Mimi, mwenye nilishaapa mbele ya watu nimeona panya wa Huruma amebeba gunia ya makaa. Sikupata hata moja.

"Hapana, Mama Kevo. Alikuwa ananiita. Nilinyamaza."

Hakunitusi. Alikaa kwa ngazi. "Na vile umeongea na hii gorofa yote," akasema polepole. "Gorofa yote, Kukhu."

Mwisho wa mwezi niliacha kazi. Sasa nakaa Njiru kwa binti yangu, mgongo umeisha, stori zimebaki na sina wa kumpigia ila nyinyi. Msiniulize kama kumi na saba ni wengi kwa mtu mmoja. Ni wengi. Lakini kusema "agu" huchukua muda gani?

Kila Jumamosi Mama Kevo ananiletea Kevo. Si ati amenisamehe, hana mwingine wa kumwachia. Kevo sasa ana miaka minne. Namvalisha soksi. "Hii ni soksi. Huu ni mguu. Mguu umeingia nyumba." Anaangalia mdomo wangu. Alafu nanyamaza, venye Matroni alinifunza, nangoja zamu yake.

Jumamosi iliyopita nilingoja mpaka chai yangu ikapoa, ikashika ngozi juu. Kevo aliniangalia, akaniangalia. Alafu akageuka mwenyewe, hakuna mtu alimgeuza, akaangalia ukuta mtupu, penye TV ingekuwa.